Skrubu Iliyopakwa Rangi ya Kucha

Mashine ya kukata nyasi ilikuwa imefunguliwa juu ya meza kwa mara ya tatu wiki ile, na aliyeifungua hakuwa amekaa kitako tangu asubuhi. Mtaa mzima walimwita Spana, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila moja mfukoni. Alikuwa akizunguka meza ya karakana kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anashika plagi, anaiweka. Anainua filta, anaiangalia kwenye mwanga wa mlangoni, anairudisha palepale. Plagi ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi, na plagi nyeusi maana yake injini inakunywa petroli kuliko hewa. Hilo Spana alilijua kabla hajajua kusoma. Asilolijua ni kwa nini.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake saa kumi alasiri mpimaji wa moshi angefika hospitalini na kifaa chake chenye mrija, autie kwenye ekzosi, bomba la moshi la mashine hii, asome namba. Mara ya kwanza namba ilikataa. Mara ya pili, Jumanne, ilikataa vibaya zaidi. Msimamizi wa bustani za hospitali, mama mfupi mwenye maneno machache na funguo nyingi, alimwambia palepale penye nyasi:

"Dada, mimi sina ugomvi na nyinyi. Lakini majani haya yako chini ya madirisha ya wodi ya kifua. Ikikataa mara ya tatu, mashine zangu zote sita nazipeleka kwingine."

Nyuma yake wauguzi walikuwa wakifunga madirisha moja baada ya jingine, na ndani mtu alikuwa anakohoa kikohozi kirefu cha kutafuta hewa. Spana alisimama na mpini wa mashine mkononi, uso umemshuka. Angetaka ardhi ipasuke, ila ardhi ina shughuli zake.

Mashine hizo sita ndizo zilizoibeba karakana. Ukiziondoa, zinabaki jenereta mbili za majirani na pampu ya maji ambayo mwenyewe huikumbuka ikishakufa. Spana alikuwa na mikono, angepata kazi popote. Lakini baba yake je? Asipokuwa na injini ya kusikiliza, mzee yule angeamka asubuhi afanye nini?

Maana kazi ya baba yake ilikuwa hiyo, kusikiliza. Walimwita Mzee Sikio, na jina halikuwa la utani tu. Kwa miaka arobaini alikuwa akiweka bisibisi kwenye injini, mpini wake sikioni, anafumba macho, kisha anakwambia bila kubahatisha: vali ya juu, au, beringi ya upande wa pili, au, mwambie mwenye mashine aache kununua oili kwa yule mwizi. Mafundi wa mitaa ya mbali walikuwa wakimletea injini zao azisikilize. Sasa magoti yalikuwa yamechoka na kazi nzito ilikuwa ya bintiye, lakini utaratibu wa karakana ulibaki uleule. Spana anafungua, anasafisha, anafunga. Baba anasikiliza mwisho, anagusa hapa na pale, anasema, "Nendeni nayo." Hakuna mashine iliyotoka mlango ule bila neno hilo. Zamani alisikiliza mbele za watu, tena kwa mbwembwe. Miaka ya karibuni alipenda aachwe peke yake, na watu wakaona ni heshima ya uzee.

Hizi mashine mpya za hospitali zilikuwa na adabu ambayo zile za zamani hazikufundishwa. Kifuniko cha tangi hakiachi mvuke wa petroli utoke ovyo. Mpira mmoja mnene unarudisha pumzi ya oili ndani ya injini ichomwe tena badala ya kutupwa nje. Ndani ya ekzosi mna kidude chenye vitundu vitundu kama sega la nyuki, kinachomalizia kuchoma mabaki kabla hayajamfikia mtu puani. Na kwenye kabureta, panapochanganyikia petroli na hewa, ile skrubu ya kupimia petroli imevishwa kofia ndogo ya plastiki ili asiichezee kila mwenye bisibisi.

Spana alikifuata kitabu cha mashine neno kwa neno. Kaza skrubu taratibu mpaka iguse mwisho, legeza mzunguko mmoja na robo, vika kofia, acha. Juu ya kofia alidondosha tone la rangi nyekundu ya kucha ya mama yake. Kofia ikichokonolewa, rangi inapasuka na mchezo unajulikana. Mara zote mbili mashine iliporudi na aibu yake, Spana aliangalia pale kwanza. Rangi ilikuwa nzima. Kwa hiyo akatafuta kwingine, akahangaika na boya la kabureta, na choki, na filta, na ule mpira mnene, akaishia kubadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Saa kumi na moja jioni alikuwa ameifunga tena. Akapaka tone lake. Akaiwasha mara moja, akaizima, akamwachia baba yake, akatoka nje kunawa mikono. Akanawa, akarudi kunawa tena.

Mama yake alimkuta bombani, amekuja na chai na lalamiko.

"Hivi nani kati yenu anakunywa rangi yangu ya kucha?"

"Mama, nachukua tone moja tu."

"Tone moja! Chupa nzima nimenunua juzi, leo naona kitako chake. Mashine za hospitali zina kucha nzuri kuliko mimi mwenye chupa."

Spana akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumanne. "Mimi wiki hii nimepaka mara tatu, Mama. Haki ya nani."

"Basi zilizobaki ni za baba yako. Jana nataka kufua suruali yake, naingiza mkono mfukoni, nakuta chupa. Nikasema, makubwa! Uzee umemfikisha kwenye kucha." Mama akaweka kikombe ukingoni mwa karo. "Na chai yake inapoa. Nimemwita mara tatu."

"Hajasikia?"

"Tangu lini mwanamume akasikia anapoitwa na mkewe?"

Alisema hivyo haraka mno, akageuka, akaanza kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Spana alimtazama mgongo. Kicheko kilikuwa kimemkauka mdomoni. Alijiambia labda rangi ilikwaruzika, baba akaona aipake upya. Labda alikuwa anatengeneza kitu kingine. Alijiambia mengi jioni ile, na usiku hakupata usingizi wa maana. Kumshuku baba yake kwenye injini ilikuwa sawa na kushuku kwamba rula haijanyooka.

Ijumaa saa tano alichukua kidumu, akasema kwa sauti anakwenda kununua petroli. Hakwenda. Alizunguka nyuma ya karakana, akapita kati ya ukuta na tangi la maji, akasimama penye bati lililoachia msumari. Alijiona mjinga, mwanamke wa miaka thelathini na minne anamchungulia baba yake kwenye tundu la bati.

Mzee aliiwasha mashine, iliyokuwa imeshashushwa sakafuni. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kichwa cha injini, mpini kwenye sikio la kulia, macho akafumba. Hapo hapakuwa na ajabu. Akakaa hivyo kitambo. Akakunja uso. Akahamishia mpini sikio la kushoto, akabonyeza kwa nguvu mpaka kichwa kikainama. Akatikisa kichwa. Kisha akaufuta mpini kwa upindo wa shati, akautia mdomoni, akaung'ata.

Spana aliganda. Baba yake alikuwa amepiga magoti, meno yameng'ang'ania bisibisi, macho yamefumba, akiisikiliza injini kwa mifupa ya taya.

Halafu mikono ikaanza kazi. Kwa ukucha akabandua rangi, kwa sindano akaitoa kofia bila kuivunja, kwa bisibisi ndogo akalegeza skrubu. Akalegeza tena. Mlio wa injini ukashuka, ukawa mzito, wa kukokota, wa tumbo lililoshiba kupita kiasi, na moshi wa kijivu ukaanza kutambaa kutoka kwenye ekzosi. Mzee akatoa bisibisi mdomoni, akatabasamu. Akairudisha kofia. Akatoa chupa ya mkewe mfukoni, akapaka tone jekundu, taratibu, ncha ya ulimi nje.

Hasira ndiyo iliyofika kwanza. Wiki mbili za kufungua na kufunga, matusi ya kimoyomoyo kwa watu wa kiwandani, kumbe! Halafu akaona tena yale meno kwenye mpini, na hasira ikakosa pa kusimama. Angeweza kuingia. Mlango ulikuwa hatua kumi. Aliogopa, huo ndio ukweli wake, akazunguka mtaa mzima na kidumu kitupu mkononi, akawasalimia watu wasiomsalimia, akarudi akisema kituo cha mafuta kilikuwa na foleni.

Akapanga kuirekebisha kimyakimya kabla ya kupakia. Mzee hakumpa nafasi. Alikuwa amevaa shati safi, amechana ndevu, amekaa kwenye kigoda kando ya mashine kama bwana harusi anayelinda mahari. Spana akamwambia Mama anamhitaji. Mzee akasema Mama anajua alipo. Akamwambia akapumzike kidogo, yeye atapakia. Mzee akasema atapumzika kaburini. Kwenye pikapu alikataa kukaa mbele. Akapanda nyuma, mkono mmoja juu ya tangi la mashine, na njia nzima Spana alimwona kwenye kioo, anayumba na kila shimo, ametulia. Aliyekuwa hatulii ni dereva. Alikosea kona aliyoizoea miaka sita.

Hospitalini walikuwa wanangojewa. Msimamizi wa bustani na funguo zake. Watunza bustani watatu, mikono nyuma. Mpimaji, kijana wa miwani, akiwa ameshafungua sanduku la kifaa chake. Madirisha ya wodi yalikuwa wazi, na kwenye dirisha la tatu mgonjwa mmoja mzee, mwenye mrija wa hewa puani, alikuwa amejiegemeza akitazama, maana wodini hakuna sinema.

"Shikamoo, Mzee," mpimaji alisema.

"Marahaba, marahaba." Alikuwa akimtazama kijana usoni. "Leo utafurahi. Nimeisikiliza mwenyewe."

"Iwake dakika tano ipate moto, ndipo nipime," mpimaji akasema.

Mzee akavuta kamba, ikawaka kwa mvuto mmoja. Moshi ukatoka. Haukuwa mwingi, mtu wa kawaida asingeuona, lakini Spana aliuona ukiinama na upepo kuelekea ukutani, chini ya madirisha. Dakika tano. Akachuchumaa kando ya injini, bisibisi ndogo kiganjani, akasogeza kidole kwenye kofia.

Mkono wa baba yake ukamshika kifundo cha mkono. "Usiguse. Nimeshaisikiliza."

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, uso kwenye injini. "Ni wewe unayeifungulia petroli."

Mzee hakujibu. Aliendelea kumshika, akiitazama injini kwa mapenzi. Spana akarudia, kwa nguvu kidogo. Watunza bustani wakaacha kunong'ona. Mzee akapiga piga tangi, pa, pa, kama anambembeleza mtoto. Ndipo Spana akapandwa na kitu ambacho baadaye alikionea haya, akapaza sauti hadi kooni kukauma:

"Baba, husikii! Unaiharibu wewe!"

Msimamizi akaacha kuchezea funguo. Mpimaji akainamia sanduku lake, akatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Muuguzi akachungulia.

"Hata mimi huku nimesikia, binti," akasema mgonjwa wa dirisha la tatu.

Uwanja mzima ulikuwa umesikia isipokuwa mtu mmoja. Mzee alikuwa anaangalia nyuso za watu, moja hadi nyingine, akitafuta kilichotokea, na alipokosa akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu aliyefika baada ya hadithi kwisha. Spana alilijua tabasamu hilo. Alilikumbuka mezani, kwenye misiba, dukani, miaka na miaka, na kila mara alidhani baba yake amekuwa mpole tu.

Akasimama. Akamgeuza mzee kwa mabega mpaka wakawa ana kwa ana, akasema bila kutoa sauti hata kidogo, kwa midomo peke yake, polepole:

"Mashine ni nzima, Baba. Sikio ndilo limechoka."

Macho ya mzee yalikuwa kwenye midomo yake. Safari hii maneno yalifika yote. Aliangalia moshi, kwa mara ya kwanza aliuangalia kwa macho, akaufuata unavyokwenda, ukuta, kizingiti, mgonjwa mwenye mrija puani. Kile kifundo alichokuwa amekishika akakiachia.

"Mama yako anajua?" aliuliza.

Spana akaitikia kwa kichwa.

"Basi nilikuwa najificha peke yangu," mzee akasema, akasogea pembeni.

Spana akapiga magoti. Akabandua rangi, akaitoa kofia, akakaza skrubu hadi karibu injini ife, akalegeza kwa kuhesabu, moja, na robo. Akaogopa kwamba amehesabu vibaya, akarudia mwanzo. Moja, na robo. Injini ikapanda, ikajipanga. Moshi ukakatika. Mpimaji akautia mrija wake, akangoja dakika nzima, kisha akainua kifaa na kumwonyesha msimamizi kioo chake.

"Imepita. Tena kwa mbali."

Msimamizi akavuta pumzi. "Jumatatu njooni mchukue na zile tano," alisema, na kwa mtu wa maneno machache hiyo ilikuwa hotuba. Watunza bustani wakapiga makofi. Mpimaji, ambaye alitaka kusema jambo jema na hakuwa na hakika ni lipi, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili.

Spana alitarajia furaha, hakuiona. Alijiona kama mwizi. Baba yake alikuwa amerudi kwenye mashine, ameinama, kiganja amekilaza juu ya injini penye joto kuliko anavyoweza mtu mwingine kuvumilia. Alisikiliza kwa kiganja. Akaguna. Kisha akamwita kwa kidole.

"Haya, niambie. Inaliaje?"

Spana akasimama mbele yake. "Inalia vizuri, Baba!"

"Vizuri si sauti. Niambie inaliaje."

Miaka kumi na tano ya kazi hii alifungua na kufunga, na kazi ya kusikiliza akamwachia mwingine. Akafumba macho. Mwanzo akasikia kelele tu, kelele ya mashine ya nyasi. Akangoja. Akasimama tena mbele ya baba yake, midomo wazi, ili aone.

"Chini kuna mngurumo. Sawasawa. Hauruki."

"Enhe. Katikati?"

"Katikati kuna kitu kinagonga haraka haraka. Hakina uzito, kama vidole kwenye meza."

"Hizo vali. Ziache, hazina ubaya. Juu?"

"Juu..." Alikaza masikio mpaka kichwa kikauma. "Juu kabisa kuna kitu chembamba. Kikavu. Kama mafuta yakianza kupata moto kwenye kikaango."

Mzee aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa, na hakuyafuta.

"Kumbe hicho kipo," alisema. "Ndiyo sauti ya injini inayopumua vizuri. Miaka mitatu nazifungulia petroli nikikitafuta. Nilidhani mashine za siku hizi wameziba pua hadi wamekiua."

Mpimaji, ambaye alikuwa ameshafunga sanduku lake, alinyoosha mkono kuizima injini. Spana akamzuia.

"Iache kidogo," alisema. "Bado namwambia."